Mungu Alinitoa Katika Woga wa Mukasi

Yesu asifiwe, watu wa Mungu! Na ninyi wa nyuma karibu na mulango, muitike pia, sababu neno hili ni lenu zaidi, ninyi watoto muko na mitihani mbele. Mi ni Mama Devota. Wengi munanijua tangu nilikuwa navusha karoti mpakani kwenda Goma kwa kichwa. Leo siongei juu ya karoti. Naongea juu ya woga wa mwanafunzi, sababu mi pia nimekuwa mwanafunzi, na mvi zangu hizi!

Ndugu zangu, mi ni mutu aliyebaki. Kwetu Kanama tulikuwa nyumba nzima, vita ikawamaliza, nikabaki mi peke yangu, mutoto. Baba mudogo Deo akanichukua. Namutaja jina, pasta anivumilie, sababu yeye hakuogopa kunitaja mbele ya watu: "Kichwa ya huyu kitabu haiingii." Akanitoa shuleni, akanipa jembe. Watoto wake wakasoma, mi nikalima viazi walivyokula. Maneno yale nilitembea nayo mpaka nikazeeka.

Halafu wamama wa kanisa hii wakaniingiza shule ya kushona. Nilifurahi kama bibi harusi! Lakini mule nikamukuta mwalimu Gaspari. Gaspari, najua uko hapa leo, keti tu. Nilishika vibaya mita ya kupimia kitambaa, akasema: "We mukecuru, hiyo si kamba ya mbuzi!" Kizee, ndivyo alivyoniita, na wasichana wa umri wa binti yangu wakacheka. Tangu siku ile, kila akipita nyuma ya meza yangu, vidole vinatetemeka, na ndani ya masikio namusikia Deo.

Mutihani ukakaribia. Usingizi ukakimbia. Nikamuambia Fortunata, tuliyekuwa tunaomba naye. Akajibu: "Wacha kwaya, wacha chakula, wacha hata maji, ukae kwa chumba cha maombi. Ukikula, shetani anapata pa kukaa." Nami nikafanya byote! Kufunga si kubaya, ndugu zangu, Bwana mwenyewe alifunga. Lakini wakati ule hakuwa anakata gauni!

Ikafika siku ya jaribio, ile ya kutupima mbele ya mutihani wa kweli. Nilikuja na midomo mikavu, naona kitambaa iko inaogelea mezani. Nikakunja vibaya, nikakata, na nilipoinua vipande, Yesu we! Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa ya kushoto. Gaspari akaiinua juu darasa nzima ione. "Mama huyu anashonea mutu gani? Ukirudia hii, mutihani hautakanyaga." Nikataka kujibu. Nikaanguka chini na mukasi ungali kwa vidole.

Aliyeniokota ni Zaituni, musichana wa Kiislamu wa darasa letu, wa familia ya mafundi wa hapa mujini. Akanipandisha moto, pikipiki ya abiria, yeye nyuma yangu amenishika kama mutoto, mpaka kituo cha afya kwa muuguzi Esperansi. Huyu munamujua, anaimba sauti ya pili.

"Umekula nini leo?"

"Nimefunga, sababu ya mutihani."

"Na jana?"

"Nimefunga."

Akaweka mikono kiunoni. "Na Mungu ndiye alikuambia ukate gauni na njaa?"

Zaituni akacheka, nami nikacheka, halafu kicheko ikageuka kilio. Nililia, ndugu zangu! Nikatoa yote: Kanama, Deo, kamba ya mbuzi. Tangu utoto watu wananiambia nijikaze. Hawa wawili hawakuniambia nijikaze. Esperansi akanipa uji, akangoja nimalize kikombe. Ndipo akasema: "Mama, kichwa yako si mbovu, imechoka. Ulale. Ukule asubuhi. Moto uiwache, utembee kwa miguu kando ya ziwa mpaka shuleni. Alhamisi nakutaka kwa kwaya. Na woga ikirudi, umuambie mutu."

Nikatii. Mwanzoni nilitembea na hasira, namutukana Gaspari kimoyomoyo mpaka mahoteli yanapoishia. Lakini miguu ikipata joto, na upepo wa ziwa Kivu usoni, donc, basi, matusi yanakwisha njiani. Nikaanza kufika na hamu ya kujifunza. Mchana mi na Zaituni tulikata magazeti ya zamani badala ya kitambaa. Nikamuuliza, "We hauogopi?" Akasema, "Mama, siku ya jaribio nilienda choo mpaka choo ikanichoka!" Kumbe! Nilidhani woga ni wangu peke yangu.

Na kwaya ikanifundisha. Munajua, mbele ya wimbo kiongozi anainua mukono, sote tunavuta pumzi pamoja, tunashika kidogo, ndipo tunaingia. Nikasema, bon, sawa, mbona nisivute hivyo mbele ya kukata?

Siku ya mutihani nilikula, nikatembea. Gaspari yuko mulangoni: "Mukecuru, leo mukono wa kulia umekuja nao?" Vidole vikaanza. Sidanganyi, malaika sikumuona. Nikakunja kitambaa, uso kwa uso, ili mikono itoke wa kulia na wa kushoto. Nikainua macho kama namutazama kiongozi wa kwaya. Nikavuta pumzi, nikaitoa polepole kama mwisho wa ubeti. Tena. Tena. Mungu akaweka utulivu kwa vidole, nikakata. Deo sikumusikia. Nilisikia mukasi tu, kra, kra, kra, mpaka mwisho.

Nimepita, ndugu zangu! Nimepita! Asante Bwana! Asante Zaituni, asante Esperansi, asante wamama wangu!

Gaspari, Fortunata, sijawasamehe sawasawa. Deo pia, popote aliko. Namuomba Mungu anifikishe, na niko njiani, kila asubuhi natembea.

Ninyi watoto, mumutegemee Mungu, atawatoa kama alivyonitoa. Lakini usimukimbilie na tumbo tupu na macho mekundu. Usingizi ni yeye aliutoa, uupokee. Rafiki ni yeye aliyemutuma, umuambie. Tukitoka hapa niko kwa benchi ya kwaya na termosi ya uji. Njoo uniambie unaogopa nini. Sitakuambia ujikaze.

Sasa kwaya, musimame. Nguo hizo za bluu nimekata mi. Muinue mikono, kanisa yote ione. Gaspari, angalia muzuri: wa kulia, na wa kushoto.

Haya. Tuvute pumzi, tumuimbie.