Mwalimu Eduviges Gopar na Jiwe la Majivu

Katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa la hapa Santa Quiteria, wilaya ya Ocotlán, jimbo la Oaxaca, tarehe 14 Machi 1947, alizaliwa Eduviges Gopar Sernas, ambaye leo tunamsindikiza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Don Fidencio Gopar, mchonga mawe ya kusagia, na Doña Natividad Sernas. Baada yake alizaliwa Abundio. Mama yao alipenda kusimulia kwamba Eduviges alijifunza kutambaa kwa kufuata vipande vya mawe vilivyoruka kutoka kwenye patasi ya baba yake, na kwamba kila kipande alikitia kinywani kabla hajanyang'anywa. Tabia hiyo hakuiacha hadi uzeeni. Mpwa wake anayewasomea wasifu huu alimletea mawe kutoka nchi nyingi, na kila mara, kabla hata ya kuuliza habari za safari, shangazi alikuwa amekwisha kulilamba jiwe.

"Shangazi, hilo nimeliokota chini ya daraja, Lisbon. Paka wanakojoa pale."

"Basi ni paka wenye bahati," alisema, akitema pembeni. "Wanakojolea chokaa safi kabisa."

Elimu ya msingi aliipata hapa kijijini kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake mdogo, Crisóforo, alifariki katika Korongo la Mwewe baada ya ukuta wa machimbo kumporomokea. Korongo hilo ndilo lililokuwa na jiwe jeusi ambalo wachongaji wa Santa Quiteria walilitegemea tangu enzi za mababu. Mbele ya jeneza, Doña Natividad alimwapisha mumewe kwamba hatakanyaga tena korongoni, na Don Fidencio alikitunza kiapo hicho. Wachongaji wenzake nao waliingiwa na hofu, wakahamia jiwe la kijivu lililokuwa kando ya barabara, jiwe laini linalokubali patasi bila ugomvi. Jambo hili tunalitaja mapema kwa sababu mengi yaliyofuata katika maisha ya marehemu yalitokana nalo.

Baada ya sekondari ya Ocotlán, mwaka 1966 aliingia chuo kikuu katika jiji la Mexico kusomea miamba, akiwa msichana wa kwanza wa kijiji hiki kufanya hivyo. Don Fidencio alimsindikiza hadi kwenye basi, akambebea kikapu cha chapati za mahindi.

"Kasome, binti yangu," alimwambia. "Ila usije ukarudi kunifundisha kazi."

Wakacheka wote wawili.

Alihitimu mwaka 1971. Kwa miaka miwili alifanya kazi katika mgodi mmoja wa Zacatecas, akipanga na kusoma vigogo vya mwamba vilivyotolewa ardhini kwa keekee. Mwaka 1973 alirudi kufundisha katika sekondari ya Ocotlán, na hapo alidumu hadi alipostaafu mwaka 2009. Wengi waliopo hapa walipita mikononi mwake, na bila shaka wanakumbuka somo lake la kwanza. Aliingia darasani na vitu vya jikoni: bonge la chokaa, lile ambalo mama zetu huchemshia mahindi, jiwe jeusi la kusagia, na picha ya kizingiti cha nyumba ya wazazi wake, kwa kuwa kizingiti chenyewe hakibebeki.

"Mwamba hauulizwi jina," alikuwa akisema. "Uulize umetoka wapi na umepitia nini."

Chokaa, aliwaambia, ilikuwa makombe na mifupa ya viumbe wa baharini vilivyotuama tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana ikaitwa mwamba tabaka. Jiwe jeusi lilikuwa uji wa moto uliotoka tumboni mwa dunia ukaganda, nalo ni mwamba moto. Kizingiti chenye milia kilikuwa mwamba mwingine kabisa hapo zamani, kikazikwa chini sana, kikabanwa na kupikwa bila kuyeyuka, hata kikawa mwamba geu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mwamba geu unaweza kurudi ulivyokuwa.

"Wewe unaweza kurudi tumboni kwa mama yako?" alimjibu. "Lakini unaweza kuwa kitu kingine. Hiyo milango haifungwi."

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Wenceslao Amador, fundi cherehani na mpiga tarumbeta wa bendi ya kijiji. Kama ilivyo desturi yetu, bibi harusi hakutoka kwao bila jiwe la kusagia. Lilichongwa na Don Fidencio mwenyewe, likachorwa maua mekundu na ndege wa buluu. Kwa kawaida jiwe hubebwa na baba wa ubatizo, lakini siku hiyo Don Fidencio hakukubali mtu mwingine aliguse. Alilifunga mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, akacheza nalo kutoka kanisani hadi kwa wakwe, akizunguka kila bendi ilipozunguka. Waliokuwepo wanasema hawajaona mzee aliyefurahi vile.

Asubuhi yake bibi harusi alisaga mahindi mbele ya wanawake wa ukoo wa mumewe, nao wakaonja chapati zake. Mama mkwe, Doña Tomasa, akaacha kutafuna.

"Mwanangu, mahindi haya uliyaosha mtoni au uliyaokota mtoni?"

"Mwacheni jamani," akadakia wifi mmoja, "huyu ni msomi. Wasomi hawaoshi mahindi, wanayaandikia."

Eduviges alikuwa ameyaosha vizuri sana. Lakini zile chenga zilizokwaruza meno alizitambua tangu tonge la kwanza, kwa sababu chuoni walifundishwa kutofautisha matope na mchanga kwa meno. Jiwe alilochongewa na baba yake lilikuwa likimomonyoka. Na kama lake lilimomonyoka, yalimomonyoka pia mawe ya mabibi harusi wote waliokuja kuchukua jiwe la kijivu kutoka kwa baba yake na wenzake.

"Nisameheni, mama," alisema. "Sikuyaosha vizuri."

Kwa miaka mingi katika ukoo wa Amador alijulikana kama bibi harusi asiyejua kuosha mahindi. Hakuwahi kujitetea.

Kwa baba yake, hata hivyo, alisema. Alikwenda peke yake, akamkuta uani na patasi.

"Baba, hili jiwe ni majivu."

"Ni jiwe."

"Ni majivu ya volkano yaliyoanguka yakashikana. Hilo la korongoni lilitiririka, hili lilirushwa juu likanyesha kama mvua. Yametoka tumbo moja, lakini hili halina nguvu. Watu wanakula mchanga, baba. Watoto wanasagika meno."

"Unafikiri sijui? Nyundo iliniambia siku ya kwanza. Jiwe zuri ukiligonga linaita. Hili linakohoa."

"Sasa kwa nini unalichonga?"

"Kamwulize mama yako. Ukimaliza kamwulize Crisóforo." Hakuinua uso. "Nilikuambia usije kunifundisha kazi. Mlango ule pale."

Walikaa hawasemezani hadi mwaka 1979. Don Fidencio aliendelea kuchonga jiwe la kijivu, na mabibi harusi waliendelea kulipokea kwa muziki. Eduviges hakuweza kumwomba baba yake avunje kiapo alichokula mbele ya jeneza la ndugu yake. Wala hakuweza kukaa kimya huku akiwafundisha wanafunzi wake kwamba mwamba unajulikana kwa asili yake. Katikati ya mambo hayo mawili aliiona njia moja tu: kulitafuta jiwe jeusi mahali pengine.

Hakuna aliyeamini kwamba lipo. Lakini yeye alijua jinsi lilivyozaliwa. Majivu huangukia popote upepo unapoyapeleka, mlimani na bondeni. Uji wa moto hufanya kama maji: hutafuta mahali pa chini. Kwa hiyo uji ule ulioganda ukawa jiwe la korongoni lazima uliwahi kufuata bonde, na bonde lile, hata kama leo limefukiwa na majivu na mashamba, lazima liliendelea kwenda mahali. Kila Jumamosi, akiwa na mimba ya Ireneo na baadaye akiwa na Paulina mgongoni, alikizunguka kilima cha hapa kijijini akiwa na nyundo. Wenceslao alimbebea maji na kupiga tarumbeta kila walipopumzika, hata wachungaji wakadhani kuna sherehe. Jiwe jeusi alilipata kwenye mteremko ulio wazi nyuma ya makaburi yetu, chini ya kichaka cha miiba, mahali pasipo na ukuta wa kumwangukia mtu. Alimpa Abundio kipande, amfikishie baba.

Wanafunzi wa mwaka ule bado wanasimulia. Don Fidencio alitokea mlangoni pa darasa, kofia mkononi, kipande cha jiwe mkono wa pili. Darasa zima likasimama.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu," alisema. "Jiwe hili ni la aina gani?"

"Wewe unasemaje, baba?"

Alivaa kofia, akatoa nyundo yake ndogo mfukoni, akaligonga. Likaita.

"Ni lile lile la korongoni."

"Ni lile lile. Lilizunguka kilima kabla hakijawa kilima."

Don Fidencio alirudisha nyundo mfukoni. Kisha akaketi kwenye dawati la nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. "Kwa hiyo lilikuwa pale nyuma muda wote," alisema. "Tulimzika Crisóforo kando yake, halafu tukarudi nyumbani tukisema halipo pengine."

Tangu hapo wachongaji wa Santa Quiteria huchimba nyuma ya makaburi, na leo, kwa heshima yake, nyundo zimenyamaza. Don Fidencio alimchongea binti yake jiwe jipya, jeusi, bila maua wala bendi, akaliacha jikoni kwake. Kisha aliwapelekea mabibi harusi wa zamani aliowachongea jiwe la kijivu mawe mapya, mmoja baada ya mwingine, hadi alipofariki mwaka 1994. Lile la kijivu Eduviges alilihifadhi kando ya ukuta. Siku moja baba yake aliliona.

"Takataka hiyo bado unayo?"

"Ulicheza nalo mgongoni, baba."

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa kwa sababu ya kisukari. Alivumilia safari za hospitali Oaxaca akiwafundisha wauguzi majina ya mawe yaliyojengea kuta za wodi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Februari 2024, alfajiri, mikononi mwa Paulina.

Mwezi Januari alikuwa ameomba jambo moja. Wanawe walitaka kumwekea marumaru. Yeye alitaka jiwe lake la harusi liwekwe kichwani pa kaburi. Abundio alikataa.

"Dada, watu watasema tunamcheka marehemu baba."

"Ndiyo maana wasifu husomwa," alimjibu. "Waambieni kwamba alijua, na kwamba alikuwa na sababu. Hata vitabuni hilo jiwe linawapa watu taabu: limezaliwa na moto, limelala kama tabaka, hawajui waliweke kundi gani. Mimi nalijua. Hilo ni la baba."

Ameacha watoto wawili, Ireneo na Paulina; wajukuu watano; ndugu yake Abundio na familia yake; wifi zake wa ukoo wa Amador; na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote. Mumewe, Wenceslao, alimtangulia mwaka 2015.

Sala itakapokwisha, Abundio atalibeba jiwe hilo mgongoni kwa ukanda wa baba yake, kutoka hapa hadi kaburini. Ana umri wa miaka sabini na minne, na vijana wamejitolea kumsaidia. Amekataa. Ameomba jambo moja tu kwa bendi: isipige wimbo wa msiba bali ule wa harusi, maana jiwe hilo, anasema, halijui kutembea bila kucheza.

Udongo wa Santa Quiteria, ambao nao uliwahi kuwa mwamba, umpokee kwa upole, na Mungu ampumzishe kwa amani.