Kinyozi Aliyezima Mashine Katikati

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka kinyozi mmoja tuliyemzika Alhamisi. Moyo wake ulisimama ghafla akiwa anafagia nywele dukani. Watu walimwita Nusu Kichwa, na jina hilo hakupewa bure.

Duka lake lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na simu iliyofungwa mpira wa njano. Ndani ya simu mlikuwa na maswali ya mtandaoni, ya kupima kama kamari imekushika. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemwonyesha. Kinyozi akimtilia mteja shaka, alimnyoa upande mmoja, akazima mashine, akampa simu.

"Jibu kwanza. Na kichwa hicho utakimbilia wapi?"

Watu walicheka, wakajibu.

Siku moja akaketi mdogo wake, dereva wa lori. Siku hiyo hakucheka mtu. Asubuhi mke wa huyo mdogo wake alikuwa amepita dukani na furushi la nguo za watoto.

"Shemeji, leo aseme ukweli. Asiposema, mimi na watoto tunaondoka."

Kinyozi akanyoa upande wa kushoto. Akazima mashine. Akatoa simu.

Je, umewahi kumficha mwenzako kwamba unacheza? Mdogo mtu akabonyeza hapana. Je, unarudi kucheza ili urudishe ulichopoteza? Hapana. Kila swali, hapana. Simu ikasema hana tatizo.

"Umeona, kaka? Simu yako yenyewe imenisafisha! Haya, malizia kichwa."

"Simu imeamini ulichoiambia," kinyozi akasema. "Mimi nimekulea."

Mdogo mtu akachomoka na kitambaa shingoni, akasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara, duka la kubeti lilikuwa wazi. Kinyozi hakumwita. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Baadaye alimwambia mkewe, "Ningemwita, angekwenda kule kubeti."

Mdogo mtu akageuka. "Lete hiyo simu."

Akajibu upya. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo tena. Simu ikaandika: unahitaji msaada, bonyeza hapa uzungumze na mshauri. Akarudisha kidole.

"Kaka, mke wangu atajua."

"Anajua siku nyingi. Anachosubiri ni wewe umwambie."

Akabonyeza. Sauti ya mama mmoja ikauliza, "Uko peke yako?"

"Hapana. Niko na kaka yangu."

Jioni akamwambia mkewe ukweli; furushi likafunguliwa, nguo zikarudi kabatini.

Wasikilizaji wapendwa, sasa kaka hayupo. Kaka hayupo, na lile duka la ng'ambo bado liko wazi. Makaburini nilimuuliza dereva anaendeleaje. Macho mekundu, akaniambia, "Bibi, juzi miguu ilinipeleka hadi pale mlangoni. Nikayafungua yale maswali kwenye simu yangu. Nikajibu ukweli, peke yangu. Halafu nikampigia mke wangu aje anichukue."

Mama mjane, pole sana. Watoto, poleni. Na wewe dereva, pole, mwanangu. Shika hapo hapo.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize swali moja tu: unamficha nani? Usinijibu mimi. Geuka umjibu aliye hapo karibu nawe.