Shangazi wa Dawati la Maelezo Aiaga Stesheni Kuu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa kamili alasiri, Shangazi atafunga droo ya Dawati la Maelezo kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Stesheni Kuu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "miaka thelathini na minne na ushee", naye akairudisha barua akisema hajawahi kumwambia abiria kwamba treni inaondoka saa nne na ushee.

Alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kama karani wa ratiba katika chumba kidogo juu ya ghala la vifurushi. Hakuna aliyemwona huko isipokuwa mashine yake ya chapa. Mwaka haujaisha, karani wa Dawati la Maelezo akaomba likizo, na mkuu wa stesheni wa wakati ule akamteremsha Shangazi ashike nafasi kwa muda. "Wiki mbili tu," alimwambia. Wiki hizo mbili zinaisha Ijumaa.

Jina la Shangazi alipewa na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu. Mzee huyo alifika jukwaa la mwisho kabisa, na begi lake, bila jasho wala kijasho, na mkagua tiketi akashangaa. "Babu, nani kakuleta mpaka huku?" Mzee akajibu, "Shangazi, yule wa pale mbele." Wakati huo Shangazi alikuwa na miaka ishirini na saba. Wapagazi walicheka wiki nzima, na jina likaganda. Hata mkuu wetu wa sasa, aliyemzidi umri kwa miaka miwili na aliyeongezewa mkataba, humwita Shangazi mbele ya wageni rasmi, na humwamkia kabisa.

Mwezi wa kwanza dawatini alifanya kosa. Tunalieleza hapa kwa ruhusa yake, kwani mwenyewe humsimulia kila mfanyakazi mpya. Mama mmoja aliyevalia kisherehe alimuuliza treni ya kusini inaondokea wapi. Shangazi akajibu kwa kujiamini: jukwaa la nne. Kumbe asubuhi ile treni ilikuwa imehamishiwa jukwaa la tisa, na karatasi ya tangazo ilikuwa palepale mezani, chini ya kikombe chake cha chai. Baada ya robo saa mama yule akarudi. Treni ilikuwa imekwenda zake. Hakugomba wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Binti yangu anaolewa leo saa nane."

Shangazi alifunga dirisha, akamshika mkono, wakatoka mbio hadi kwenye teksi. Kwa kuwa ratiba zile alizichapa kwa mikono yake, alijua kwamba treni ya kusini husimama dakika kumi na nane kwenye stesheni ya njia panda ili kuipisha treni ya mizigo. Dereva alipouliza wanakwenda wapi, alimjibu, "Ifukuze treni." Walifika njia panda honi imeshapigwa. Mama alipanda behewa la mwisho akisukumwa na Shangazi kwa nyuma na kuvutwa na abiria wawili kwa mbele, kiatu chake kimoja kikabaki chini. Shangazi akakiokota na kukirusha kupitia dirishani, kikatua mapajani mwa bwana mmoja aliyekuwa amesinzia.

Aliporudi alikuta barua ya onyo kwa kuacha dawati bila ruhusa. Ndiyo barua ya onyo pekee katika jalada lake. Baada ya wiki mbili ikaja bahasha nyingine, yenye picha ya harusi. Bibi harusi yupo katikati anatabasamu, na pembeni yake mama mtu ameinua gauni kidogo, anaonyesha kwa kidole viatu vyake viwili.

Tangu hapo Shangazi alijiwekea desturi. Kila Jumatatu alifika nusu saa kabla ya zamu, akachagua njia moja na kuipita yote kwa miguu: kutoka jukwaa la saba hadi treni ya mjini, kutoka lango la mashariki hadi kituo cha mabasi, akihesabu ngazi, akijaribu lifti, akiangalia taa gani imeungua. Sisi tuliokaa naye dawatini tumesikia msemo wake mpaka tunauota: "Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu usichokijua."

Desturi hiyo ndiyo iliyomgonganisha na mhandisi wa mabango. Miaka kumi na miwili iliyopita lilifunguliwa jengo jipya. Stesheni ya majukwaa tisa ikawa ya majukwaa kumi na manne, treni ya mjini ikaletwa chini ya ardhi, na daraja la waenda kwa miguu likajengwa kuelekea hospitali. Mabango mapya yalipendeza kama kadi za mwaliko, na yalipoteza watu vibaya sana. Watu walikosa treni, walikosa mabasi, walikosa miadi yao ya hospitali. Shangazi alizunguka na daftari, akaorodhesha makosa arobaini na moja, akampelekea mhandisi.

Mhandisi, msomi aliyeyachora mabango yale kwa miezi minane, hakufurahi. "Mabango yako sawasawa," alisema. "Abiria ndio hawasomi."

"Mama yako anasoma?" Shangazi akamuuliza.

"Mama yangu ni mwalimu mstaafu!"

"Basi mlete Alhamisi."

Mwalimu mstaafu akaletwa. Aliombwa atoke jukwaa la kumi na moja hadi daraja la hospitali kwa kufuata mabango peke yake, bila kumuuliza mtu. Siku hiyo wafanyakazi wapatao ishirini tuligundua kwamba tulikuwa na shughuli za haraka upande ule wa jengo. Tulimwona akipita mbele ya kibanda cha magazeti mara tatu. Mara ya kwanza alimsalimu muuzaji, mara ya pili alimuuliza habari za watoto, na mara ya tatu muuzaji alimpa gazeti la bure. Kisha akafuata mshale mmoja mkubwa wenye rangi nzuri, na hatukumwona tena.

Baada ya dakika kumi simu ya mhandisi ikalia. Sauti ya mwalimu ilisikika hadi kwetu. "Mwanangu, nani kaichora hii mishale? Nataka kuonana naye."

Mhandisi akajibu polepole. "Ni mimi, mama."

"Basi njoo unitoe. Niko jikoni mwa mkahawa, wapishi wamenipa kiti."

Tulidhani uadui umeiva. Badala yake mhandisi alicheka hadi akaegemea ukuta, na kesho yake alikuja na viatu vya raba na utepe wa kupimia. Kwa wiki tatu yeye na Shangazi waliikanyaga stesheni nzima. Walichokubaliana ndicho mnachokiona hadi leo sakafuni: mstari wa buluu kwa treni ya mjini, wa kijani kwa mabasi, wa njano kwa teksi, na mwekundu kwa daraja la hospitali. Mwaka ule kabla ya mistari, abiria walijaza vitabu vitatu vya malalamiko. Mwaka uliofuata hata kimoja hakikujaa, na kurasa sita zilikuwa za pongezi. Mhandisi atakuwepo Ijumaa pamoja na mama yake, ambaye ametuma salamu kwamba hahitaji kupokewa mlangoni.

Hata hivyo, ukimuuliza yeyote kati yetu kuhusu Shangazi, atakusimulia kwanza ile Jumatatu ya kufungua shule, miaka sita iliyopita. Saa moja na dakika arobaini asubuhi umeme ulikatika. Skrini zote zikawa nyeusi, vipaza sauti vikanyamaza, ngazi za umeme zikasimama. Treni za masafa marefu hutumia dizeli na ya mjini ina umeme wake, kwa hiyo ziliendelea kuingia na kumwaga watu, na wenye kuingia hawakujua waende wapi. Mwandishi wa makala haya alikuwa kwenye ngazi za kushukia treni ya mjini. Waliokuwa chini gizani walitaka kupanda, wa juu walisukumana kushuka, na katikati mama mmoja mjamzito alikuwa amebanwa kwenye reli ya ngazi akisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ndogo. Nakiri kwamba niliogopa. Nilijua kinachoweza kutokea pale mtu mmoja akianguka.

Shangazi alikuwa ameshatawanya watu. Wapagazi, wafagiaji, mng'arisha viatu, yule muuzaji wa magazeti, kila mmoja alipewa kona moja na sentensi moja ya kusema: "Mabasi, fuata kijani", "Jukwaa la tano, huku." Kwenye kila kona alichora mshale kwa chaki, kwani kwenye droo yake kuna kila kitu. Kisha akaja mwenyewe juu ya ngazi, akapanda kwenye beseni la maua, akasema, si kwa ukali, kama mtu anayepanga watoto wake wapige picha:

"Wanaoshuka, shikeni ukuta wa kulia. Wanaopanda, ukuta wenu ni huo mwingine. Ninyi vijana wawili wenye mabegi, mshikilieni dada huyo mumpandishe polepole. Hakuna haraka. Treni ya chini haiondoki bila ninyi, nimeshaongea na dereva."

Watu wakatulia. Ngazi zikagawanyika mara mbili, na mama yule akatoka salama. Baadaye tulijua kwamba Shangazi hakuwa ameongea na dereva yeyote. Alimtuma mpagazi akaongee naye wakati maneno hayo yangali mdomoni.

Umeme ulirudi saa tatu na nusu. Hakuumia mtu. Treni zilichelewa kwa wastani wa dakika tisa. Aliyepotea ni mmoja tu, mkaguzi kutoka makao makuu aliyekuja kuangalia hali. Tulimkuta jukwaa la kumi na nne, hakutaka kuuliza. Tulipokwenda kwenye chumba cha chai, Shangazi aliketi bila kugusa kikombe chake. Akacheka, akalia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya skafu, kisha akauliza kama kuna aliyemshukuru yule dereva.

Msije mkadhani ni malaika. Mumewe, dereva wa basi namba ishirini na tatu, ametuomba tuseme ukweli wote. Walikutana kwa ugomvi: basi lake lilikuwa likiegeshwa mbele ya bango la lango la mashariki, na kila asubuhi kwa wiki tatu Shangazi alitoka kumfukuza. Wiki ya nne akaegesha mahali panapotakiwa, na Shangazi akatoka kumuuliza kama anaumwa. Leo wana watoto watatu, na kitinda mimba wao ni muuguzi ng'ambo ya daraja. Lakini mume anashuhudia kwamba nje ya geti la stesheni, mkewe hajui mashariki wala magharibi. Mwaka jana alikwenda kumtembelea wifi yake, mtaa wa tatu tu kutoka nyumbani, akapotea. Akapiga simu: "Niko karibu na nyumba yenye geti."

"Mke wangu," mume akamwambia, "nyumba zote zina geti."

Mashine za maelezo zilipoletwa miaka mitatu iliyopita, ilisemekana dawati litafungwa. Shangazi hakuzipiga vita. Alikaa na mafundi siku kumi, akawaelekeza wazifundishe mashine kwamba abiria mwenye mzigo mzito hapelekwi kwenye ngazi, na kwamba anayeuliza hospitali aonyeshwe kwanza njia yenye lifti. Mashine zinafanya kazi vizuri. Foleni ya dawati haikupungua, kwa sababu watu humalizana na mashine, kisha huja kumuuliza Shangazi kama imesema kweli.

Mwezi uliopita menejimenti ilitangaza kwamba dawati litabaki, na watumishi wake wataongezwa kutoka watatu hadi watano. Wapya wameshaanza, na kila Jumatatu wanaonekana wakihesabu ngazi.

Shangazi amesafirisha watu wengi kuliko treni yoyote, lakini yeye mwenyewe hajawahi kupita stesheni ya tisa ya njia ya kaskazini. Likizo ziliishia kwa watoto, kwa wagonjwa, kwa zamu za wenzake waliopata dharura, zikiwamo zangu mimi. Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, yeye na mumewe watapanda treni jukwaa la tatu na kwenda mpaka mwisho wa reli. Juzi nilimuuliza huko mwisho wa reli kukoje. Alitabasamu kama msichana anayekwenda safari yake ya kwanza.

"Sijui," alisema. "Nitauliza nikifika."

Shangazi, asante kwa miaka yote, kwa chaki na kwa subira. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu na safari nyingi zenye viti vya dirishani. Jumamosi sote tusio na zamu tutakuwa jukwaani kukupungia mkono, na mizigo yako tutaibeba sisi.