Moyo wa Fundi Cherehani

Hii nilisimuliwa na marehemu kaka yangu, yule aliyekuwa akiuza kahawa. Benchi lake lilikuwa pale kona, juu mlimani, karibu na kinyozi, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Wateja wake ni wale wale: Kinyozi mwenyewe, Redio ambaye anajua kila kitu kabla hakijatokea, na Cherehani, mshona suti. Sasa siku hiyo, pembeni anapokaaga Cherehani palikuwa patupu. Kiharusi kilimkuta kwenye mashine, mguu ukagoma katikati ya mshono.

Kinyozi alikuwa ametoka hospitali kumwona. Akasema mkono umelala, mdomo umekwenda upande, lakini kinachowakosesha raha madaktari ni moyo. Mara unatimka kama umefukuzwa na mbwa, mara unajikokota.

— Kapigwa kichwani, moyo umeingiaje hapo? Kinyozi akauliza.

— Unamlilia kichwa, Redio akajibu. Si wamekaa nyumba moja miaka yote?

— Basi na figo nazo zingelia.

Redio huyo, arudi nyuma wapi! Akasema moyo ule umezoea mdundo wa pedali. Umeukosa, umepotea njia. Dawa yake kahawa chungu, uamke. Wajaze chupa, wamnyweshe jioni, manesi wasione. Kaka yangu akaijaza kweli.

Ndipo akatokea binti wa Cherehani. Akawaamkia, akaiona chupa, akajua. Hakugomba. Akakaa pale pa baba yake, akawaeleza alivyoelezwa na daktari: moyo unadunda wenyewe, ila kuna mishipa ya fahamu inatoka kichwani, inaushika kama hatamu, kuuharakisha na kuutuliza. Kiharusi kimeharibu pale zinaposhikiwa hatamu. Baba akiinuliwa tu akae, moyo haujui ufanye nini. Kahawa hiyo ingeweza kummaliza.

— Baba zangu, leo mmepanda mlima huu kuja hapa. Nani kati yenu aliuambia moyo wake uongeze mwendo? Na mlipokaa, nani aliutuliza?

Wakashika vifua, mmoja mmoja. Kaka akaichukua chupa, akaimwaga mtaroni.

Cherehani alirudi, wanangu, baada ya muda mrefu, na fimbo. Redio akamshika mkono kumkalisha, hakuuachia. Kumbe anasikiliza mapigo ya moyo kwenye mshipa.

Haya, nanyi wekeni mikono kifuani. Mnausikia? Nani kauagiza? Laleni sasa. Wenyewe utakesha.