Chaki Iliyoishia Chini

Mwananchi Komiseri wa Zone. Wakubwa wa Chama. Mashehe na mapadri wetu. Wageni wa Kailo na Lokandu. Wamama na wababa wa soko: nawasalimu kila mutu kwa cheo chake, na asiye na cheo namusalimu mara mbili.

Mimi njo Hadidja, mukubwa wa wamama wa soko. Masomo yangu ni madogo, basi nitaongea kama na ndugu. Jumba hili la mikutano, lililojengwa na wazee wetu katikati ya soko, na ndani yake wamama wanauzisha, lilitakiwa kubomolewa, pawe uwanja wa maandamano. Leo tunalifungua tena. Nani kati yetu hakufunga na kuomba lisibomolewe?

Injenieri Masudi, uliye hapa mbele, usinikasirikie. Ndugu, huyu alitumwa kutoka Bukavu na chaki, aweke alama za kubomoa ku kuta. Akaingia wakati Mama Safi wa samaki na Mama Okito wa vikwembe, vile vitambaa vya kuvaa, wanagombana mbele ya wazee. Ninyi munajua desturi: anayevuka mulango wakati wazee wanakata maneno ya ugomvi, anakaa mpaka iishe. Yeye hakujua.

“Kaa, baba,” nikamwambia.

“Mama, niko na kazi ya Serikali.”

“Na sisi tuko na kazi. Kaa.”

Akakaa. Mama Okito akalia: “Mutu ananunua kikwembe kwangu, anafika ku ndoa, kinanuka, watu wanauliza samaki iko wapi!”

“Angalau samaki wanaiuliza!” akajibu Mama Safi.

Injenieri akacheka, kisha akainua kidole, akasikiliza upepo. “Unatoka ku mto Lualaba. Samaki iende upande wa barabara, vikwembe upande wa mto.” Wote wawili wakakubali, wakamuomba awachoree mupaka chini. Akachora. Mama wa chumvi akasema, “Na mimi, baba?” Wa mafuta naye, wa muhogo naye. Chaki ikaisha, ukuta haukuguswa.

Akaniuliza polepole: “Mama, nikibomoa, hawa wote nitawaweka wapi?”

Neno hilo alilipeleka mwenyewe kwa Komiseri, na Komiseri akalisikia. Tunasifu watu kwa kujenga, ni haki. Mimi namusifu huyu kwa kuacha. Mwenyezi Mungu awalipe wote wawili.

Ndugu zangu, jana mawingu yalitanda juu ya muji, na moyo wangu ukatulia. Mvua ikuje tu. Wamama wangu wako na paa.

Asanteni kwa masikio yenu mema. Mulango uko wazi, tuingieni.