Barafu Imetubeba Jana

Basi la kisiwani lilikuwa likivuka ziwa juu ya barafu. Ilikuwa Machi hapa Wisconsin, Marekani, barafu inapoanza kuyeyuka, kwa hiyo tulikuwa tumefungua mikanda na madirisha, tusije tukazama tumefungwa. Mbele yangu kijana mwenye riwaya alimwambia mama aliyeketi naye, "Humu kitabuni mtu anauliza, jua limechomoza kila siku, lakini nani kakuhakikishia la kesho?"

Mama akacheka. "Vitabu vitakutia wazimu, mwanangu! Barafu hii imetubeba tangu Januari."

"Ndiyo hoja yenyewe, mama. Imetubeba jana."

Mimi nisiyesoma riwaya nikaanza kusikiliza magurudumu.

Chini yetu barafu ikapiga mlio mrefu. Lyle, dereva, akasimamisha basi. Mama akamshika kijana mkono. "Hebu soma, huyo aliyeuliza alijibiwaje?"

"Sijafika huko, mama."