Sifuri Niliyomwandikia Nkwabi

Wasifu wa marehemu Nkwabi Maduhu, 2003–2025. Umeandikwa na kusomwa na dada yake, Vumilia, siku ya mazishi, Songwa, Jumanne tarehe 17 Juni 2025.

Wazee wangu, shikamooni. Majirani wa Songwa, ndugu wa Ngokolo, na ninyi mliosafiri kutoka Geita, poleni na asanteni kwa kuja.

Marehemu Nkwabi alizaliwa tarehe 9 Machi 2003 hapahapa Songwa, wilaya ya Kishapu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Maduhu na Mama Lusia. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama husema alichelewa kutembea lakini aliwahi kuongea, na akishaanza kuongea hakuna aliyeweza kumzima.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 2010 hadi 2016. Mwaka 2017 alihamia mjini Shinyanga, akakaa nami dada yake mtaa wa Ngokolo hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 2020. Kisa kimoja cha utoto wake kilichekesha nyumba nzima. Mama alikuta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoiweka akiba imepungua ndani ya kapu. Akauliza kwa ukali, "Nkwabi, umekula michembe leo?" Mtoto akajibu bila kutetemeka, "Leo sijala, mayu. Niulize ya jana." Alichapwa, lakini huku mama anacheka. Nkwabi hakujua kusema uongo. Ukiuliza vibaya, alikuwa anakufundisha namna ya kuuliza.

Januari 2021 alikwenda Geita, kwenye kambi ya wachimbaji wadogo. Alianza kwa kubeba viroba vya mawe, baadaye akawa anashuka mwenyewe kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Aliyekuwa akimwona akipanda juu na vumbi mpaka kwenye kope asingeamini kuwa ndiye yule mtoto wa michembe. Bati zilizo juu ya nyumba hii zilitoka kwenye mikono yake.

Marehemu hakujaliwa kuoa. Alikuwa amemchumbia Mbuke, na barua ya posa ilipelekwa kwao Februari mwaka huu. Ng'ombe walikuwa wapelekwe mwezi wa nane baada ya mavuno ya pamba. Mbuke yupo hapa, amekaa karibu na mama. Naomba mumshike mkono kama mkwe wa nyumba hii.

Sasa nimefika mahali ambapo wasifu hueleza ugonjwa wa marehemu. Nkwabi hakuugua. Kwa hiyo nitaeleza kazi yangu, na mtanivumilia.

Mimi ni mdadisi. Napita na kishikwambi, nauliza watu maswali ya utafiti. Aprili mwaka huu mradi mmoja ulitutuma machimboni Geita, pamoja na kambi ya Nkwabi, kupima unywaji wa pombe wa kupindukia kwa vijana wa miaka kumi na tano hadi ishirini na nne. Swali kubwa lilikuwa hili: katika siku thelathini zilizopita, ni mara ngapi umekunywa vinywaji vitano au zaidi kwa mkupuo mmoja? Kambi ambayo vijana wake wangeonekana kuzama kwenye pombe ingepelekewa mhudumu wa afya akae nao, awafundishe, awatibu.

Ulikuwa msimu wa mvua. Maduara yalikuwa yamejaa maji, hakuna aliyeshuka, hakuna mgao, yaani kugawana mawe ya dhahabu, uliofanyika kwa zaidi ya mwezi mmoja. Vijana walikuwa wanacheza bao na kula ugali mtupu. Kila niliyemuuliza alisema hajanywa, nami nikaandika sifuri. Jioni idadi ya watu niliotakiwa kuwahoji siku ile ilikuwa haijatimia. Kanuni inakataza kumhoji ndugu yako, lakini nilimwita Nkwabi nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Akasikiliza swali, akacheka. "Mwezi huu sijanywa, dada. Niulize ya siku ya mgao."

Nikamwambia fomu haina hiyo nafasi.

"Basi iongeze. Siku ya mgao hakuna kuondoka kabla chupa hazijaisha. Anayetoka mapema anaambiwa amefukuza mawe, duara litakosa dhahabu kwa sababu yake. Tunakunywa mpaka mtu hajui jina lake. Na aliye mdogo kuliko wote kwenye duara letu ana miaka kumi na saba."

"Nkwabi, jua linazama. Siku thelathini, ndiyo au hapana?"

"Hapana," akasema. Niliandika sifuri, nikambonyeza shavu, nikaondoka.

Ripoti ilitoka mwezi Mei. Kambi ile ilionekana salama, ikaondolewa kwenye orodha. Mhudumu alipelekwa kwingine. Nilikuwa ukumbini iliposomwa, nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Maji yalipokauka mawe yalitoka. Mgao ulifanyika Jumamosi tarehe 14 Juni, asubuhi. Rafiki yake Stanslaus, ambaye alikuwepo, ameniambia kwamba saa sita mchana Nkwabi alitaka kuondoka ampigie Mbuke simu, wakamwimbia kwamba anafukuza mawe, akarudi kukaa. Saa nane alilala. Wakamfunika blanketi wakidhani ni usingizi. Saa kumi hawakuweza kumwamsha. Alifikishwa hospitalini, na alifariki Jumapili tarehe 15, saa moja asubuhi. Daktari alisema pombe ilizidi mwilini mpaka pumzi ikakata.

Nimempigia msimamizi wangu kumweleza. Amenipa pole, akasema takwimu zikishafungwa hazifunguliwi. Naumia, ndugu zangu, na sioni pa kuyapeleka maumivu haya.

Marehemu ameacha baba, Mzee Maduhu, mama, Lusia, dada, Vumilia, mchumba, Mbuke, na wenzake wanne wa duara moja, ambao wamesimama pale nyuma. Wadogo zangu, nimesikia mgao mwingine ni mwezi ujao. Nimekuja na kalamu. Nataka kuwauliza swali ambalo Nkwabi alinifundisha, la siku ya mgao, na mnaangalia chini.

Mungu amlaze mdogo wangu pahali pema. Yeye alisema kweli. Mimi ndiye niliyeandika sifuri.